Utabiri Wangu na Bega la Orest

Aprili 16

Mimi Metro Pawluk nina miaka themanini na mbili. Nimewazika kaka zangu watatu na mapadri sita wa kanisa letu. Reli ya hapa mjini Vesna imeng'olewa mimi nipo. Ghala la nafaka lililokuwa refu kuliko kitu chochote katika jimbo hili la Saskatchewan, Canada, limebomolewa mimi nipo. Daktari aliyenikataza mafuta ya nguruwe naye amekufa, na mafuta bado nala.

Shule niliachia darasa la nne, farasi walikuwa wanahitaji mtu. Kwa hiyo asinicheke mtu kwa mwandiko. Naandika kwa sababu kila mwaka natabiri mtoano wa hoki ya barafuni na kila mwaka nikipatia watu wanasema sikusema. Mwaka huu itakuwa imeandikwa.

Timu kumi na sita. Mbili zinakutana, ya kwanza kushinda mechi nne inasonga, nyingine inakwenda nyumbani kunyoa ndevu, maana wakati wa mtoano hawanyoi. Raundi nne hivyo mpaka kombe. Mwanangu Orest ni beki wa Hamilton. Ana miaka thelathini na sita na huu ni mwaka wake wa mwisho. Msimu ujao wa kupanda anarudi hapa kulima shamba letu, ambalo kwa sasa analilima jirani yangu Lorne Fehr.

Leo nimepiga simu redioni kwenye kipindi cha Darcy Mireau, kama kila mwaka kabla ya raundi. Nimesema: Hamilton wanamtoa Quebec kwa mechi sita.

Aprili 19

Theluji tena. Hamilton wameshinda.

Aprili 21

Wamefungwa. Lorne amecheka mpaka akamwaga kahawa.

Aprili 25

Theluji inayeyuka, yadi yote tope. Gari la jirani yetu Nestor Boychuk limekwama mbele ya duka la ushirika, tukalisukuma wazee watano wenye jumla ya magoti mazuri manne.

Pale dukani ndipo meza yetu ya kahawa ilipo. Lorne anaishabikia Portland kwa sababu ya ukaidi tu, hajawahi kufika huko. Leo ameniambia, "Metro, mwanao anakimbia kama mtu anayetafuta miwani."

Nikamwambia, "Wewe unapanda mbegu zako za mafuta za kanola kama mtu aliyeipata akaikalia."

Nestor akasema tunyamaze, tunawatisha wateja.

Aprili 28

Hamilton wamepita. Mechi sita. Nani alisema sita?

Aprili 30

Redio. Hamilton wanamtoa Milwaukee, mechi saba. Darcy ameniita nabii wa Vesna. Nimemwambia nabii alikuwa anatumwa, mimi najua mwenyewe.

Mei 4

Bata bukini wamerudi ziwani. Stefka mke wangu hatazami mechi. Anakaa jikoni anakunja maandazi ya viazi huku mlango wazi, anasikiliza. Miaka yote hii nimemwambia hoki si kitu cha kusikiliza. Haelewi mchezo.

Mei 9

Mechi ya nne na Milwaukee. Orest amebanwa ukutani na watu wawili. Alitoka, akaingia chumba cha ndani, akarudi baada ya muda akacheza mpaka mwisho. Ndio sisi akina Pawluk. Wameshinda.

Mei 10

Timu imetoa tangazo: Pawluk ana jeraha la sehemu ya juu ya mwili. Basi, hakuna zaidi. Ndivyo wanavyosema wote wakati wa mtoano. Mtu akivunjika mguu ni sehemu ya chini, akivunjika taya ni sehemu ya juu, na hakuna anayeuliza, kwa sababu wapinzani wakijua panapouma ndipo watakapogonga. Kila mtoto wa hapa anajua hilo kabla hajajua sala ya chakula.

Mezani Lorne akasema, "Sehemu ya juu. Hata nywele ni sehemu ya juu."

"Mimi najua ni wapi," nikasema.

"Sema basi."

"Sisemi."

"Hujui."

Najua. Orest ni wa mkono wa kushoto tangu kunyonya. Jana benchi alikuwa anakunywa maji kwa mkono wa kulia. Na alipotaka kurekebisha kofia alishusha kichwa kukifuata kiganja, badala ya kupandisha mkono. Bega la kushoto. Hakuna mwingine Canada nzima aliyeona. Sikusema. Ilikuwa kazi, lakini sikusema.

Mei 11

Jumapili. Orest amepiga simu kama kila Jumapili. Mama yake ameingia na simu stoo ya chakula akafunga mlango, wamekaa sana. Mimi nimepewa mwishoni.

"Hujambo, Baba?"

"Sijambo. Unarudi nyuma polepole mno."

"Nitajitahidi."

"Na huko juu?"

"Huko juu kuzuri, Baba. Mvua imenyesha huko?"

Mei 12

Haijanyesha.

Mei 15

Wamepita. Mechi saba, muda wa nyongeza. Nilisema saba. Nestor ameleta pai ya tikiti tamu kama zawadi ya nabii, mkewe kaipika kwa chumvi badala ya sukari au ndivyo wanavyopika kwao. Nimekula.

Mei 19

Leo redio. Niandike kama ilivyokuwa, maana wameirekodi na kila mtu anayo.

Darcy akasema, "Mzee Metro, raundi mbili umepatia zote. Sasa Portland. Lakini mwanao ana jeraha la sehemu ya juu, mechi mbili za mwisho alionekana mzito. Mabibi na mabwana hapa wanasema Hamilton imefika mwisho."

Nikasema Hamilton, mechi saba.

Akasema, "Huo ni utabiri au ni mapenzi ya baba?"

Hapo damu ikanipanda. Nikasema, "Sikiliza wewe. Mwaka sabini na nne nilipanda robo nzima ya shamba huku mfupa wa bega umevunjika, nikaendesha trekta kwa mkono mmoja. Bega la kushoto halijawahi kumsimamisha Pawluk yeyote, na la Orest halitamsimamisha Orest."

Nikasikia kalamu ya Darcy ikiandika. Kisha akasema kwa upole, "Bega la kushoto. Asante, mzee wangu."

Nikakata simu. Nilijisikia nimesema vizuri. Nikageuka, Stefka amesimama mlangoni ana unga mpaka kwenye viwiko.

"Umesema nini?" akauliza.

"Nimesema Hamilton."

"Baba Orest, umesema nini?"

Kisha akakaa, akaniambia. Orest alimweleza stoo siku ile. Bega lilichomoka mahali pake, wakalirudisha pale pale, wanalifunga kwa bandeji kila mechi. Daktari wa timu amemwambia likichomoka tena vibaya wataweka chuma, na mkono hautapanda juu ya kifua maisha yake yote. Hatafunga mashine nyuma ya trekta. Hatapanda ngazi ya pipa la nafaka. Akamwambia mama yake asiniambie mimi, kwa sababu Baba hawezi kunyamaza.

"Nilijua mwenyewe kabla yako," nikasema. "Nilinyamaza siku tisa."

"Watu wengine mdomo unawaponza kichwa," Stefka akasema. "Wako umeponza bega la mtoto."

Akarudi kwenye unga wake.

Mei 20

Nimefika mezani. Lorne alinisogezea sukari. Hajawahi kunisogezea chochote.

Mei 21

Mechi ya kwanza na Portland. Nitaandika mara moja, sitarudia.

Wana mtu anaitwa Ekdahl, mrefu kama mlango wa ghala. Mara ya kwanza kisahani, kile kinachopigwa badala ya mpira, kilipokwenda kona ya Orest, Ekdahl hakukitazama. Alimtazama Orest. Akamchukua kwa bega la kushoto akampeleka ukutani, na ule ukuta wa mbao ukalia. Refa hakupiga filimbi. Na hakukosea, pigo lilikuwa halali. Hilo ndilo baya, yote ni halali. Mara ya pili alikuja mwingine, mdogo, upande uleule. Mara ya tatu Ekdahl tena. Hawana chuki naye. Wangeambiwa goti wangegonga goti. Na mimi ningekuwa Portland ningemwambia Ekdahl hivyohivyo.

Nilikuwa namwambia televisheni: geuka, mpe la kulia, geuka. Stefka kutoka jikoni akasema, "Anasikia?"

Portland wameshinda.

Mei 22

Nimempigia Darcy nikiwa sijaalikwa. Nikasema hewani, nilikosea, macho yangu ni ya uzee, ni bega la kulia.

Darcy akasema, "Mzee Metro, jana tumehesabu, hakuna hata mmoja aliyemgusa la kulia. Unataka waanze?"

Nikasema nasubiri mvua, nikakata.

Mei 23

Wamemgonga tena. Hamilton wamefungwa.

Mei 24

Upepo mkavu. Udongo unaruka. Lorne amemaliza kupanda upande wa mashariki wa shamba langu kabla ya shamba lake mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini ameanza kwangu. Akasema udongo wangu ulikuwa tayari. Haukuwa tayari, nautazama kila siku dirishani.

Mei 25

Jumapili. Simu haikulia. Stefka aliiweka mezani katikati ya sahani zetu, tukala tukiitazama kama padri aliyekuja bila kualikwa. Jioni akapiga yeye. Hakupokea.

Leo pia ilikuwa mechi. Hamilton wameshinda moja, sasa ni mbili kwa moja. Mji wote ulipiga honi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, nimeshika bega langu, sijui tangu saa ngapi.

Mei 27

Wamefungwa. Tatu kwa moja. Portland inahitaji mechi moja tu.

Naandika hapa, na nikishaandika sifuti. Nataka Hamilton wafungwe. Mimi, ambaye hata mwaka ambao hawakuingia mtoano nilisema watachukua kombe. Nataka wafungwe mechi ijayo, kumi kwa sifuri, Orest avue jezi apande ndege aje ale.

Nimemwambia Stefka. Nilidhani atashangaa.

"Mimi nataka hivyo tangu ana miaka kumi na saba," akasema.

Mei 28

Wingu lilikuja likapita kaskazini kwa Nestor. Yeye kapata mvua ya kujaza ndoo. Sisi vumbi.

Mei 29

Wameshinda. Shangwe. Nestor kanipigia simu analia kwa furaha, nikamwambia ndiyo, ndiyo, vizuri.

Orest alijilaza mbele ya kombora la kisahani, akalipokea kifuani, akainuka kwa kutumia mkono mmoja. Uwanja wote ulisimama ukimwita jina. Jina langu, Pawluk, watu elfu kumi na nane. Nimeota kitu hicho tangu namnunulia viatu vya kwanza vya barafu. Sikuweza kuusikiliza. Nilizima sauti, na ndipo Stefka alipotoka jikoni kwa mara ya kwanza, kwa sababu hakusikia kitu akadhani Orest amekufa.

Akakaa. Akatazama. Baada ya muda akasema, "Yule beki mwenzake anamfunika. Ona. Kila kisahani kikienda kushoto anavuka yeye."

Nikatazama. Kweli. Mimi sikuwa nimeona.

"Umejuaje?"

"Kwa kusikia. Mtangazaji anamtaja pale ambapo hakutakiwa kuwepo."

Mei 31

Wameshinda tena. Tatu kwa tatu. Keshokutwa ndiyo ya saba, nilisema saba. Leo mezani mtu wa benki aliyepita akaniambia, "Nabii, unajua kila kitu." Lorne akamwambia, "Nenda kanunue unachonunua."

Juni 1

Jumapili. Simu haikulia.

Juni 2

Mechi ya saba.

Stefka alikaa na mimi mwanzo mpaka mwisho, mikono imefungwa kwenye aproni. Mbili kwa mbili, muda wa nyongeza. Kila Orest alipoingia barafuni nilikuwa naomba bao, la yeyote, la Portland zaidi. Ekdahl alimpata mara mbili. Mara ya pili Orest alibaki amepiga goti, na mimi nikasema basi, ndilo hilo bega, limechomoka. Akainuka. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala ubavuni kama mkono wa koti. Kisahani kikamjia. Alikisukuma kwa mkono mmoja, gongo la kuchezea limeegemea nyonga, kikapita kati ya miguu ya watu kikamfikia kijana wa mbele, na yule akafunga.

Hamilton wamepita. Wako fainali.

Magari yalikuja mpaka yadini kwetu yakipiga honi. Ilibidi nitoke nipunge mkono. Stefka akanifungia kifungo cha juu cha shati kwanza. Watu walikuwa wanasema, "Saba, mzee. Ulisema saba." Nikapunga mkono. Lorne alikuwa nyuma kabisa, amezima injini, hapigi honi.

Juni 3

Simu imelia kabla ya chai. Stefka akapokea, akasikiliza, akanipa mimi bila kuingia stoo.

"Baba."

"Limechomoka?"

"Lilichomoka nusu. Limerudi."

"Orest, mimi nilisema ule upuuzi kwa sababu yule Darcy—"

"Nimesikia, Baba. Portland nzima imesikia."

"Umenikasirikia."

"Nilikasirika wiki nzima. Nikaona nako kunachosha, na nina mambo mengine yanayonichosha." Akabadili mazungumzo. "Umeshampigia Darcy kuhusu fainali?"

"Sitampigia tena mpaka nife."

"Utampigia kesho."

"Nimesema sipigi."

"Baba, sikiliza. Vijana wanauliza. Kila raundi uliyosema Hamilton tumepita, na kwa mechi ulizosema. Golikipa wetu hafungi viatu mpaka aweke rekodi yako kwenye simu. Ile ya bega pia, anaicheza yote, tunacheka. Ukikaa kimya sasa, wataingia wale watoto wakiwa wamekufa moyo."

Ndivyo walivyo wachezaji. Hawaoshi soksi, hawanyoi, hawabadilishi mlango wa kuingilia. Nami nilikuwa hivyo na mbegu.

Nikamwambia, "Nikisema Hamilton, ninakusukuma mimi mwenyewe kwa hawa wa Spokane mnaokutana nao fainali. Ni wakubwa kuliko Portland. Na bega wanalijua."

"Wanalijua."

"Basi usicheze. Umefika fainali. Nani atakulaumu?"

"Nitacheza, Baba. Useme usiseme."

"Na shamba? Mkono usiopanda juu ya kifua utalima nini?"

Nilisikia mtu anamwita huko aliko, na yeye akasema dakika moja. Kisha akasema, "Useme Hamilton, lakini. Kama zamani. Kwa kiburi."

Nikamrudishia Stefka simu. Nikatoka nje nikasimama kwenye vumbi. Nimewahi kusimamisha farasi wawili waliotoroka kwa kushika hatamu tu. Sikuona cha kushika.

Juni 4

Darcy alifurahi mno niliposikika. Akasema, "Mzee Metro Pawluk, mwenyewe. Spokane hawajafungwa nyumbani tangu mtoano uanze. Wana golikipa bora. Hamilton wamechoka, wamecheza saba na saba. Tuambie."

"Hamilton," nikasema.

"Najua. Kwa mechi ngapi?"

"Nne."

Akacheka. Na yule mwenzake aliye naye studio akacheka. "Nne? Bila kupoteza hata moja? Dhidi ya Spokane?"

"Nimesema nne. Huko kwenu namba hiyo hamna?"

"Mzee wangu, na bega la Orest?"

"Bega gani?" nikasema, nikakata.

Mezani wamenicheka vizuri leo, kama zamani. Nestor alisema sasa nabii amepigwa jua. Lorne tu hakucheka. Alikoroga kahawa ambayo haina sukari, akasema, "Nne ndizo chache kabisa za kugongwa, eh?"

"Ndizo chache kabisa," nikasema.

"Basi na mimi nasema nne," akasema Lorne, mtu ambaye hajawahi kukubaliana nami tangu harusi yake.

Nyumbani Stefka alikuwa amesikia. Hakuweka sufuria jikoni, alikuwa amekaa mbele ya televisheni iliyozimwa.

"Nne," akasema.

"Sheria ingeruhusu tatu ningesema tatu."

Akasogea, nikakaa. Nje kumeingia mawingu lakini sitabiri mvua.

Mechi ya kwanza ni kesho. Kwamba nilisema Hamilton kwa nne, na nilisema kabla kisahani hakijadondoshwa, mashahidi ni hawa: Darcy Mireau, aliyecheka, Nestor Boychuk, aliyeniita mwendawazimu mbele ya watu, Lorne Fehr, aliyesema nne pamoja nami, na Stefka mke wangu, ambaye sikumweleza kwa nini na hakuuliza.